Kabla Hujanunua Feni ya Maji

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hivi, maduka ya Kariakoo huzitoa mbele zile feni za maji: boksi refu la plastiki lenye magurudumu, tangi chini, pedi ya kunyonya maji nyuma, na muuzaji anayekuapia kwamba hiki ni kiyoyozi kisichokula umeme. Anatia vipande vya barafu, anakusimamisha mbele yake, upepo wa baridi unakupiga kifuani, mkono unaingia mfukoni. Ukifika nayo nyumbani Temeke, ukafunga madirisha ili ubaridi usitoke, saa ya kwanza unaifurahia. Kufikia usiku wa manane shuka linanata mwilini, vigae vya sakafuni vinateleza, na jasho ni lilelile. Unampigia simu dada yako aliyeko Dodoma, aliyenunua feni ya aina hiyohiyo, naye anakwambia kwake inapoza hadi anajifunika.

Mashine zote mbili ni nzima. Tofauti iko kwenye hewa, na hasa kwenye joto ambalo hewa ya pwani imelibeba bila kipimajoto kulionyesha. Joto hilo liko ndani ya mvuke wa maji. Ukilijua linavyoingia na linavyotoka, utajua kifaa gani kinunuliwe wapi, dirisha lifunguliwe lini, na kwa nini fundi mwashi hodari anaweza kuanguka kazini siku ambayo redio imetangaza nyuzi joto 32 tu.

Mahali joto linapojificha

Chukua lita moja ya maji ya bomba, uibandike kwenye jiko la umeme. Kuyafikisha maji hayo kwenye kuchemka kunahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti ya umeme, yaani zile uniti unazonunua za LUKU au za tokeni. Sasa yaache yachemke hadi sufuria ikauke. Hapo utatumia zaidi ya sita ya kumi ya uniti nyingine, na muda wote huo kipimajoto kilichomo ndani ya maji hakipandi hata nyuzi moja. Dar es Salaam kitakaa kwenye 100, Nairobi kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini kitakaa palepale. (Nimehesabu joto linaloingia kwenye maji peke yake; jiko lenyewe hupoteza lingine pembeni.)

Umeme ule haukupotea. Umetumika kuzing'oa chembe za maji zilizokuwa zimeshikana, moja moja, hadi zikawa huru hewani. Mskoti Joseph Black alilibaini jambo hili akiwa Chuo Kikuu cha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760, na James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo vya maabara chuoni hapohapo, alikuja kunufaika nalo alipoiboresha injini ya mvuke. Katika fizikia huitwa joto fiche.

Maji hayahitaji kuchemka ili yageuke mvuke. Bahari ya Hindi haichemki, lakini jua linaifukiza mchana kutwa. Jasho linakauka, nguo kambani zinakauka, dimbwi uani linakauka. Na maji yanayokauka kwenye nyuzi 30 hudai joto zaidi kidogo kuliko yanayochemka: kama kilojouli 2,430 kwa kila lita, ambazo ni karibu theluthi mbili ya uniti. Kila tone lililopaa limeondoka na joto lake kama pesa iliyotiwa kwenye kibubu. Upepo unalibeba hadi popote, na siku mvuke utakapogeuka tena kuwa maji, iwe kwenye chupa ya soda, kwenye kioo cha gari au kilomita tano juu ya Ziwa Victoria, joto lote linatolewa hapo hapo, halipungui.

Tuseme una chumba cha mita tatu kwa nne, dari iko mita 2.7 juu. Hewa iko nyuzi 30 na unyevu ni asilimia 80, hali ya kawaida kabisa usiku wa Februari mjini Tanga au Mombasa. Ndani ya hewa ya chumba hicho kuna karibu gramu 800 za maji, ingawa huoni hata tone. Joto fiche la maji hayo ni zaidi kidogo ya nusu uniti. Linganisha na hili: kuipasha hewa kavu ya chumba hichohicho kutoka nyuzi 20 hadi 30 kunahitaji kama sehemu moja ya kumi ya uniti tu. Kwa hiyo kipimajoto cha ukutani kinakusomea sehemu ndogo ya joto, na kubwa kinaiacha.

Hapo ndipo feni ya maji inapokwama. Inafanya kazi kwa kuyafukiza maji ya tangi: maji yanapopaa yanachukua joto la hewa, hewa inapoa. Lakini hewa ya nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo, na ya chumba chetu tayari imebeba 24. Imebakiza gramu sita. Katika chumba kizima hiyo ni kama kikombe kimoja cha maji. Ukifunga madirisha na milango, kikombe kimoja tu cha maji ya tangi kinatosha kuishibisha hewa, na baada ya hapo feni ile ni feni ya kawaida inayopuliza unyevu. Mbaya zaidi, jasho lako nalo halina pa kwenda. Barafu aliyoweka muuzaji ilikuwa mbwembwe: kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kama sehemu moja ya kumi na moja ya uniti, na ukiigandisha nyumbani, friji hutema joto zaidi ya hilo ndani ya nyumba hiyohiyo.

Nyuzi 32 za miji miwili

Dodoma mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, nyuzi 32, unyevu asilimia 30. Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa nane mchana, nyuzi 32, unyevu asilimia 75. Taarifa ya habari itasoma namba ileile kwa miji yote miwili. Sasa chukua vipimajoto viwili vya kawaida, ukifunge kila kimoja kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye kichomozo chake cha chini, uvipepee. Cha Dodoma kitashuka hadi karibu nyuzi 20. Cha Dar es Salaam kitagoma kwenye 28. Watu wa hali ya hewa huita kipimo hicho joto la kipimajoto kilicholowa, na kwa mtu anayetoka jasho ndicho kipimo cha haki, kwa kuwa ngozi yenye jasho ni kitambaa kilicholowa.

Wengi hawatafanya jaribio hilo, nami siwalaumu. Kuna njia nyepesi. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu, ukishuka chini kidogo ya namba kubwa, huonyesha joto la umande: kiwango ambacho hewa hiyo ikipozwa hadi hapo, umande huanza kutokea. Hicho ndicho kipimo cha mvuke halisi uliomo hewani. Mimi ningekitazama kabla ya asilimia za unyevu, kwa sababu asilimia hudanganya. Alfajiri unyevu husomeka 95, saa nane mchana 65, na mvuke ukawa uleule. Kilichobadilika ni uwezo wa hewa kuubeba, ambao hupanda kadiri inavyopata moto.

Joto la umande likiwa chini ya nyuzi 16, hewa ni nyepesi na jasho linakauka bila wewe kujua. Likifika 20 mwili unaanza kulalamika. Kuanzia 24 ni fukuto, na pwani yetu wakati wa kaskazi hukaa hapo au juu yake kwa wiki nyingi. Asiye na simu ya kutosha atumie chupa ya maji ya friji: aiweke mezani. Ikichuruzika jasho hadi ikaacha dimbwi, hewa imejaa. Ikipata ukungu mwepesi tu, au ikakaa kavu kama inavyotokea Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ina njaa ya maji.

Namba hiyo inakupa pia habari za usiku. Hewa inapopoa baada ya jua kuzama, ikifika kwenye joto la umande mvuke huanza kuganda kuwa matone, na kule kuganda kunarudisha joto hewani, hivyo kupoa kunapungua kasi sana. Joto la umande likiwa 25 jioni, usitegemee usiku kushuka chini ya hapo kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana Zanzibar hulali na blanketi. Na ndiyo maana Makete na Kitulo, ambako Juni na Julai hewa huwa kavu na anga jeupe, kipimajoto kinaweza kuporomoka usiku mmoja hadi viazi vikaungua kwa baridi kali.

Jasho linalodondoka halipozi

Mtu aliyekaa kitako anatoa joto la wati 100 hivi, sawa na ile balbu ya zamani. Mbeba mizigo bandarini au kijana anayepandisha zege ghorofani anaweza kutoa wati 400 na zaidi. Joto hilo lote lazima litoke, na hewa inapokaribia joto la ngozi, ambalo ni nyuzi 35 hivi, mlango pekee unaobaki ni jasho. Kuziondoa wati 400 kwa jasho peke yake kunahitaji kama lita 0.6 zikauke kila saa. Zikauke, siyo zitoke. Jasho linalodondoka puani na kulowesha shati hadi ukalikamua limekutoa maji na chumvi bure, maana joto lilipaswa kuondoka na mvuke, na mvuke haukupatikana.

Mwaka 2010 wanasayansi Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwa hesabu kwamba kipimajoto kilicholowa kikifika nyuzi 35, mwili wa mtu, hata akiwa uchi kivulini mbele ya feni, hauna tena njia ya kupoa. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani waliwapima vijana wenye afya wakifanya kazi nyepesi katika chumba chenye unyevu mwingi, wakakuta miili inaanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Zile 28 za Dar es Salaam haziko mbali na hapo. Kwa kijana aliyekaa barazani si hatari. Kwa bibi wa miaka 75, mtoto mchanga, mama mjamzito, mgonjwa wa moyo au figo, mtu anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, au mama lishe aliyezungukwa na majiko matatu ya mkaa, hesabu ni nyingine kabisa.

Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaishi karibu zaidi na ukingo huo. Tarehe 8 Julai 2003 mji wa Dhahran, Saudi Arabia, ulipimwa joto la umande la nyuzi 35, kiwango ambacho hakijazoeleka popote duniani. Na tarehe 26 Juni 2018 katika mji wa Quriyat, pwani ya Oman, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwamo. Katika hali kama hiyo feni tupu inakuongezea moto: Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitumike hewa ikizidi nyuzi 40. Kwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, ambako hewa mara nyingi huishia nyuzi 32 hadi 34, feni ya kawaida ni rafiki wa kweli, mradi dirisha liwe wazi. Kazi yake ni kuufagia ule mvuke uliotanda juu ya ngozi na kuleta hewa nyingine.

Ukitaka kuisaidia feni, jimwagie maji au jifunge kanga iliyoloweshwa ukae mbele yake. Maji ya bomba yatakauka badala ya jasho lako, nawe utabaki na chumvi yako. Kwa wazee, ambao jasho lao ni hafifu, hili lina faida kubwa kuliko feni yenyewe. Nguo iwe pamba nyepesi iliyolegea. Kazi nzito ifanywe kabla ya saa nne asubuhi. Msimamizi anayesema "jua halijawa kali" akumbushwe kwamba wingu halipunguzi mvuke. Na mtu mgeni kazini, au aliyetoka likizo ya bara, apewe kama wiki moja au mbili aongezewe kazi polepole, kwa sababu mwili hujifunza kutoa jasho mapema na lenye chumvi kidogo.

Dalili za mwili kuzidiwa zinajulikana: kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza, jasho jingi. Hapo kazi isimame, akae kivulini, anywe maji kidogo kidogo, na kama ametoka jasho kwa saa nyingi, maji ya chumvichumvi za pakiti kutoka duka la dawa. Akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kuzimia, hiyo ni hatari ya kifo, hata kama bado anatoka jasho. Joto la ndani ya mwili wake huenda limefika nyuzi 40. Aitiwe gari la hospitali, lakini asisubiri gari bila kupozwa: avuliwe nguo za juu, atumbukizwe kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi huku mtu amemshika kichwa, au amwagiwe maji mengi mfululizo na kupepewa, awekewe barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Panadoli haisaidii, kwa sababu hii si homa ya ugonjwa. Kwetu kila mwili wenye moto hudhaniwa malaria; kipimo cha malaria kifanyike, lakini baada ya kumpoza.

Ndani ya nyumba

Chungu kinachotokota bila mfuniko kikipoteza lita moja kimekutilia ndani ya nyumba zaidi ya maji yote yaliyokuwa kwenye hewa ya kile chumba chetu. Funika sufuria. Maharage yapikwe uani kama una uani, au alfajiri. Nguo zilizofuliwa zisianikwe chumbani usiku: kapu moja la jinzi na mataulo hubeba lita kadhaa za maji, na yote yataishia kwenye hewa unayovuta, kisha kwenye ukuta wa nyuma ya kabati, ambako utayakuta Aprili yakiwa kuvu kwenye viatu. Madirisha yanayotazamana yakifunguliwa alasiri, upepo wa bahari ukivuma, hewa inayoingia si kavu, lakini inatembea, na hilo ndilo unalolihitaji.

Kiyoyozi cha kweli kinafanya kile ambacho feni ya maji haiwezi. Hewa inapita kwenye mabomba baridi, mvuke unaganda hapo na kuacha joto lake, na maji yanatoka kwa kile kibomba kinachodondoka nje ya ukuta. Ndoo iliyotegwa chini ya kibomba inakuonyesha matumizi yako: kila lita iliyomo ni karibu theluthi mbili ya uniti ya joto lililotolewa chumbani, na mashine nzuri huwa imetumia kama theluthi moja ya kiasi hicho kwa umeme kulitoa. Ukiacha mlango wazi huku kiyoyozi kinaunguruma, unalipia kukausha hewa ya bahari nzima.

Wanunuzi wengi hukosea ukubwa. Mtu ananunua kiyoyozi kikubwa mno kwa chumba kidogo akidhani atapoa haraka. Kweli anapoa haraka, mashine inajizima baada ya dakika chache, na mvuke haujapata muda wa kuganda. Matokeo yake ni chumba cha baridi ya kunata, kama pango. Kidogo kinachofanya kazi mfululizo hukausha vizuri zaidi. Kiweke nyuzi 26, ongeza feni ya kawaida, na kama kidhibiti kina kitufe chenye alama ya tone la maji, kijaribu usiku wa mvua. Maji ya ndoo ile yanafaa kudekia na kumwagilia maua. Usiyanywe: yamepita kwenye mabomba yenye vumbi na uchafu, hata yakionekana safi.

Huko bara kusikokuwa na mvuke mwingi, mambo yanageuka, na bei ya kupoza inakuwa ndogo sana. Dodoma, Singida, Turkana, Garissa: feni ya maji ni ununuzi mzuri, dirisha likiwa wazi kidogo ili hewa iliyoshiba itoke. Mtungi wa udongo usiopakwa kitu chochote, ukiwekwa kivulini penye upepo, hupoza maji ya kunywa bila senti ya umeme, kwa sababu maji yanayopenya ukutani yanakauka nje na kubeba joto la yaliyobaki ndani. Nimeona watu wakiupaka mtungi rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni. Unapendeza, na maji yanabaki ya moto, vitundu vimezibwa. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alichukua wazo hilo miaka ya 1990, akatia chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati, wakulima wakahifadhi nyanya na bilinganya kwa siku nyingi zaidi. Mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Rolex. Wakulima wa Kenya hutumia kibanda chenye kuta za waya zilizojazwa mkaa unaoloweshwa. Kibanda hicho kikijengwa Kilifi ufukweni, mboga zitaoza kwa unyevu. Usikubali mradi wowote wa namna hiyo kabla hujauliza joto la umande la mahali penu.

Jambo moja la jikoni lisiachwe. Mvuke wa sufuria unaunguza kuliko maji yanayochemka, kwa sababu unapogusa ngozi unaganda na kutoa joto fiche lake papo hapo. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji na kupoa hadi joto la mwili hutoa joto mara tisa hivi ya gramu moja ya maji ya moto. Mfuniko ufunguliwe kwa kuuelekeza upande wa pili, mbali na uso. Wanaojifukiza wasubiri sufuria iepuliwe na kutulia kwanza, na mtoto asifunikwe blanketi na sufuria ya moto hata kidogo; wengi huungua si kwa mvuke tu, bali kwa sufuria kupinduka.

Juu ya paa

Joto lote ambalo jua limelitia kwenye mvuke wa bahari na maziwa hurudishwa angani, na pale halina utani. Hewa kavu ikipanda hupoa kama nyuzi kumi kwa kila mita 1,000. Hewa ambayo mvuke wake umeanza kuwa wingu hupoa nyuzi tano au sita tu, kwa sababu mvuke unaoganda unaipasha. Hivyo inabaki ya moto kuliko hewa ya jirani, inazidi kupanda, inavuta nyingine kutoka chini, na wingu linajenga mnara wa kilomita kumi na zaidi. Radi, mvua ya mawe ya Kericho na upepo unaong'oa mabati vyote vinapewa nguvu na joto hilo.

Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eneo la kilomita moja ya mraba, ambalo ni kama mtaa mmoja tu wa mji, imetoa huko juu joto la uniti karibu milioni 35. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mashine zake zote tisa zenye jumla ya megawati 2,115 zikizunguka kwa nguvu zote, litahitaji zaidi ya saa 16 kutoa kiasi hicho. Akitokea mtu wa kukuuzia mtambo wa "kuvuna umeme kutoka kwenye mvuke", mjibu kwamba joto lipo kweli, lakini halitoki mpaka upate mahali baridi pa kuugandishia mvuke. Wingu hulipata huko juu. Wewe chumbani kwako utalazimika kulitengeneza kwa umeme.

Bahari ya nyuzi 26.5 na zaidi ndiyo inayolisha vimbunga. Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, Machi 2019, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, ambako vimbunga ni nadra. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi, kwa hiyo mvua ileile ya masika inaweza kuja na maji mengi zaidi kwa muda mfupi. Mitaro inayotosha kwa mvua za miaka ya 1980 ipimwe upya.

Kwenye Ziwa Victoria dhoruba nyingi huja usiku. Maji ya ziwa hubaki na joto jua likizama, nchi kavu inapoa, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa na kuusukuma mvuke juu. Ni saa zilezile wavuvi wa dagaa wako majini na karabai zao. Kabla ya kusukuma mtumbwi, utabiri wa jioni wa mamlaka ya hali ya hewa usikilizwe, na jaketi la kuokolea livaliwe badala ya kukaliwa. Wingu likianza kumulika, hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi mlio: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikifika 30 au chini ya hapo, dhoruba iko umbali wa kilomita kumi tu. Kokoa nyavu urudi, na kama kisiwa kiko karibu kuliko mwalo, lala kisiwani.